Doa Lisiloshika Kutu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Picha za paspoti kumi na nne leo. Nyuso kumi na nne, masikio ishirini na nane, wazo hakuna hata moja. Miaka ishirini na miwili nawaambia watu wainue kidevu. Basi!

Tangazo limebandikwa maktabani. Maonyesho ya picha, Jumamosi. Kila mpiga picha analeta moja tu. Itakayoshinda itatundikwa ukuta wa mlangoni mwezi mzima. Miaka mitatu mfululizo ukuta huo umekaliwa na Bwana Maua, mwenye studio ng'ambo ya barabara, ambaye kushika kamera nilimfundisha mimi. Waridi. Waridi. Mwaka jana, waridi lenye tone la umande! Tone alilidondosha mwenyewe kwa bomba la sindano, nilimwona kwa macho yangu. Ulaghai. Mpiga picha wa kweli hagusi kitu. Hungoja kitu kijisemee.

Nimeamua. Mwaka huu ni kutu. Ua ni mwongo, linajifanya dunia imeanza leo asubuhi. Kutu haijipendekezi kwa mtu. Nitakikaribia chuma hadi pumzi yangu ifanye ukungu kwenye lenzi.

Chuma ninacho. Lori la marehemu baba mkwe limekaa uani kwa mama mkwe miaka kumi na mmoja. Jumapili linachukuliwa na mnunuzi wa chuma chakavu. Nina siku tano. Tawala zimeangushwa kwa muda mfupi zaidi.

Mke wangu ameuliza kama hiyo Jumapili nitasaidia kubeba. Nimemjibu kwamba nina kazi ya fikra. Akasema fikra hazina mikono, kwa hiyo mikono itakuwa na nafasi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa uani kwa mama mkwe. Mlangoni pa studio nimeacha kibao: Narudi Punde.

Lori ni hazina. Matairi yamelala. Taa moja imejaa maji na ndani mna viluwiluwi vya mbu, wakazi halali. Kwenye boneti rangi imebanduka magamba, buluu juu ya kijani, kijani juu ya nyekundu, kama mwanasiasa aliyehama vyama vitatu. Nimelala chini. Nimepanda juu. Nimeingiza lenzi kwenye tundu la ufunguo.

Mama mkwe akatoka na chai. Akasema, mkwe wangu, piga unachotaka, mbele, nyuma, hata uvunguni, ila mlango wa dereva usiuguse. Ameshapatana na mnunuzi wa chuma kwamba mlango huo utang'olewa ubaki kwake. Nikamjibu, mama, mpiga picha hagusi. Akasema haya, ndiyo maana nakwambia mapema. Sikuuliza sababu. Mwanga ulikuwa mzuri na chai ilikuwa inapoa.

Kwa bahati mbaya, mlango wa dereva ndio bora kuliko lori zima. Kutu imeupanda kutoka chini kama moto wa nyika. Lakini chini ya dirisha, katikati kabisa, kuna doa! Upana wa kiganja. Rangi imelika hadi kwenye chuma, na chuma kinang'aa kama mgongo wa kijiko. Kutu hakuna hata chembe. Miaka kumi na mmoja ya mvua na jua!

Nimelitazama doa robo saa nzima. Nadharia: mahali pale kiwanda kilitumia madini ya aina yake. Jioni nimemwandikia mhariri wa gazeti barua kuhusu uaminifu wa viwanda vya zamani. Kurasa tatu. Nimeituma.

Doa lenyewe nililipiga mara moja, kujaribu lenzi tu. Picha bure kabisa. Laini mno.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimewaonyesha watu picha ya mlango mzima. Mke wangu amesema ni ugonjwa wa ngozi na aliye nao aende hospitali. Kinyozi wa chumba cha jirani amesema ni biskuti. Nimemwambia aangalie tena. Ameangalia tena. Biskuti iliyomwagikiwa chai.

Bwana Maua akavuka barabara bila kualikwa. Shikamoo mzee Kutu, akasema, hii ramani ya nchi gani? Akaweka kidole juu ya doa, akasema naona wana ziwa zuri, kuna samaki? Kinyozi alicheka hadi mteja wake akashika sikio kuhakikisha bado lipo.

Hapo nikamtambua adui. Adui ni doa. Linavuta jicho, linaleta furaha mahali pasipohitaji furaha. Doa lazima lishike kutu.

Nimesoma sana kuhusu jambo hili. Chumvi, siki, maji ya uvuguvugu. Kinyozi ameniazima chupa yake ya kunyunyizia. Nimemwambia ni ya mimea.

Je, huu si ulaghai? Nimejiuliza kwa haki, bila kujipendelea. La. Bwana Maua aliliongezea ua kitu kisicho chake. Mimi nakipa chuma kilicho haki yake, kilichocheleweshwa tu. Na mama mkwe alisema usiguse. Kunyunyiza si kugusa.

Alasiri mama mkwe alikuwa kwa jirani yake. Nilinyunyiza mara tatu. Kabla ya hapo nilipitisha msasa kidogo, lakini kilichogusa ni msasa. Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Lori hili nalo ni mzee. Nimemzidishia vijiko viwili.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kutu!

Imechanua usiku mmoja. Ya rangi ya chungwa katikati, ya kahawia kingoni, na vipele vidogo kama ngozi iliyopigwa na baridi. Mlango mzima sasa unasema lugha moja. Nimepiga picha mia moja na tisini.

Katika ile ya mwisho mgongo ulikwama. Nilibaki nimepiga magoti mbele ya mlango, kichwa chini, kamera kifuani, dakika kumi. Mama mkwe aliniona kutoka dirisha la jikoni. Mwili wangu ulikuwa umeuziba mlango, hakuona kingine. Akadhani namwombea marehemu. Mchana alinitumia chakula kwenye ile sahani ya wageni, na ujumbe kwamba hakujua kama nilimpenda mzee kiasi hicho. Nimekula. Kukataa kungeleta maswali.

Picha imepatikana. Jina: Uozo wa Dola, Namba 4. Namba 1 hadi 3 hazipo. Zinaongeza uzito tu.

Nyumbani fremu kubwa ni moja, ile ya picha yetu ya harusi. Nimewaondoa maharusi kwa heshima na kuwaweka kabatini, juu ya mablanketi. Uozo wa Dola umeenea sawasawa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Asubuhi nilipitia stendi ya kamera niliyoisahau uani. Heri ningeisahau kabisa.

Mama mkwe alitoka na kitambaa cheupe na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kumbe hufanya hivyo kila Ijumaa, tangu wiki ya mazishi. Marehemu aliendesha lori lile miaka thelathini, kiwiko nje ya dirisha. Kiwiko ndicho kilichokula rangi pale. Tangu alipokufa, mama mkwe hupaka tone la mafuta na kupapangusa, ili kutu isipazibe.

Nadharia ya madini imeanguka. Barua iko kwa mhariri.

Alisimama mbele ya mlango. Nikasema unyevunyevu wa mwaka huu umezidi, mama, hali ya hewa imebadilika dunia nzima. Akainama. Akanusa.

"Siki," akasema.

Neno hilo tu. Kisha akapangusa hata hivyo. Kitambaa kikawa cha chungwa. Alipangusa tena, chini ya kutu pakatokea mikwaruzo ya msasa, inakwenda huku na huku kama ya kuku. Akaacha. Akasema miaka kumi na mmoja mvua haikuweza. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Ningependelea aubamize.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu aliondoa sahani kwanza. Nikamfafanulia tofauti ya kunyunyiza na kugusa. Akaniuliza, siku ya kwanza ulipokuja kwetu, nani alikufuata kituoni, na alikuja na nini? Nikasema baba yako, na lori. Akauliza, ulipomwona kwa mbali uliona nini kwanza? Nilikumbuka. Kiwiko, na shati la mistari. Nikamwambia sikumbuki.

Akachukua ufunguo wa studio na ile kamera. Alirudi baada ya saa mbili. Kufanya nini, hakusema. Nilikuwa nahariri hotuba yangu ya ushindi, sikufuatilia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Maktaba. Picha kumi na moja ukutani, zote zimefunikwa magazeti, yangu alishaifunika mke wangu tangu nyumbani. Msimamizi ni mama mmoja tunayemwita Bi Kimya. Hajawahi kuinua sauti kwa mtu, huweka kidole mdomoni tu na mtu hujirekebisha mwenyewe.

Bwana Maua amekuja na kofia mpya. Waridi, na safari hii matone mawili. Maendeleo. Alinipa mkono, akauliza mzee Kutu, leo ni ramani au chai na biskuti? Nilikuwa na jibu kali. Sikupata nafasi, Bi Kimya alikuwa ameanza kufunua.

Fremu yangu ilifunuliwa ya saba. Haikuwa picha yangu.

Yaani ilikuwa yangu. Ilikuwa ile ya kujaribu lenzi! Doa! Kubwa, limejaza fremu ukingo hadi ukingo. Nieleze tu kilichoonekana. Chuma laini. Juu yake mistari myembamba maelfu kwa maelfu, yote imeelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Pembeni rangi ya buluu inakonda, inakonda, inakwisha. Karibu na ukingo wa chini, vijikwaruzo viwili vidogo, vya kifungo cha mkono wa shati. Chini kuna karatasi, mwandiko wa mke wangu: Kiwiko cha Baba.

Nikamwendea Bi Kimya kumwarifu kwamba pametokea hujuma. Kidole mdomoni.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma, amemshika mama yake mkono. Mama mkwe akasogea. Watu wakampisha, sijui kwa nini, hawamjui. Akavua miwani, akasogeza uso karibu kabisa na kioo, karibu kuliko nilivyowahi kuisogeza lenzi. Kisha akaweka kiganja juu ya doa. Kilienea ndani yake.

Hakuna aliyeuliza kama ni biskuti. Bwana Maua alivua kofia. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nimeshinda! Ukuta wa mlangoni, mwezi mzima. Nikaombwa kusema machache. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, kwenye kuporomoka kwa dola za kale, nikaona kidole.

Mama mkwe alitaka kuondoka na picha pale pale, ni yake. Bi Kimya akamwomba iachwe hadi mwezi uishe. Akakubali kwa sharti moja: kila Ijumaa asubuhi atakuja kupangusa kioo. Bi Kimya akasema, kwa sauti, nimeisikia kwa mara ya kwanza, kwamba karibu sana mama, ila mafuta maktabani hayaruhusiwi. Akajibiwa kitambaa kitakuwa kikavu.

Akipita mbele yangu alisimama. Akasema, mkwe wangu, ile uliipiga kabla hujaanza kufikiri.

Nimeichukua kama sifa.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mnunuzi wa chuma alikuja na vijana wanne na mnyororo. Aliuliza mlango wa dereva auweke wapi. Mama mkwe akasema nenda nao tu.

Nilishika upande mmoja tulipoupakia. Mlango ni mzito. Ulinichafua shati, kutu ya chungwa, kwenye kiwiko. Mke wangu ameliloweka.

Uani pamebaki mistatili minne ya udongo mkavu, mahali pa matairi. Hapafai kupigwa picha. Nimejaribu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Paspoti tisa. Videvu juu.

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu. Nimejifunza mengi. Kwanza, umma hauko tayari kwa Uozo wa Dola. Pili, jicho langu ni zuri hata lisipotumika. Nimemwandikia mhariri barua ya pili kuyafafanua hayo, na kumwomba aipuuze ile ya kwanza. Bwana Maua amepita dirishani akanisalimia kwa adabu, bila kuniita Kutu. Nimekosa usingizi wa mchana nikitafuta hila iliyomo.

Maharusi wamerudi ukutani. Fremu sina, kwa hiyo nimewabandika kwa gundi. Mke wangu amewatazama, akasema angalau hao hujawanyunyizia. Ameanza kuzoea.

Ameniachia mzigo studio. Cherehani ya mama yake, inangoja fundi, ambaye hafiki hadi Alhamisi. Nimeiweka karibu na dirisha. Chuma cheusi, cha zamani, kina nyufa nzuri mno kwenye rangi. Mwakani ukuta ni wangu tena! Lakini kwenye gurudumu, pale mkono wake ulipokuwa ukizungusha miaka yote hiyo, rangi imelika. Pamebaki mahali panapong'aa.

Laini mno.

Kinyozi amekuja kudai chupa yake. Nimemwambia aniachie hadi Jumatano. Mimea bado inaihitaji.