Mshale wa Geji ya Alec

Jumatatu, 22 Septemba

Blanketi limeondolewa! Gari la spoti la marehemu kaka yangu Alec limetoka bandani baada ya kipupwe chote. Jumamosi klabu yetu nzima ya magari ya zamani inampeleka Alec, yaani majivu yake, juu ya vilima vya Lindis, alikotaka yamwagwe. Mimi ndiye dereva. Nikawasha. Mlio uleule! Machozi yakanitoka. Kisha nikaona geji ya presha ya oili: mshale umelala chini kabisa. Shemeji Rhona, mjane wake, akauliza kuna nini. Nikasema geji imezeeka.

Jumanne

Rhona kamwita Murdo! Fundi mstaafu, ana gari lenye injini kama ya Alec, na kila anachokijua hukisema mara mbili. Kavuta kijiti cha kupimia oili, kanusa. Oili nyepesi, inanuka petroli. Kasema kuna mtu amekuwa akiliwasha kidogo na kulizima kabla halijapata moto. Petroli inashuka kwenye oili, presha inaanguka. Oili mpya ikiupandisha mshale, ndiyo ushahidi. Usipopanda, injini ni mbovu, na Alec atakwenda kwa gari la Murdo.

Rhona akauliza ni nani huyo mshenzi. Nikashangaa pamoja naye. (Kila Jumapili, akiwa kanisani. Kidogo tu. Ile ndiyo sauti ya Alec iliyobaki, ningefanyaje?)

Jumatano

Nimejitolea kumwaga oili mwenyewe. Sikumwaga. Nijitie kitanzi? Nimefungua kioo cha geji nikaupinda mshale, ukasimama katikati. Safi! Rhona alipouona alinikumbatia, akasema Alec angejivunia. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipoletwa.

Alhamisi

Murdo kachungulia dirisha la gari. "Des, injini imezimwa. Hiyo presha inatoka wapi?" Nikamjibu gari la Alec lina nguvu za kuzaliwa. Rhona akamwambia aache wivu, mimi ndiye wa damu. Murdo akavaa kofia yake. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema. Mara mbili.

Jumamosi

Msafara. Rhona kando yangu, kaka yangu mapajani mwake. Kilima cha kwanza, raha tupu. Cha pili, injini ikaanza kugonga. Nikautazama mshale: katikati, haujali. Nikakanyaga mafuta ili mlio ufunike kelele. Karibu na kilele ikanoki. Moshi, kisha kimya.

Murdo alisimama nyuma yetu. Hakusema neno hata mara moja. Akamfungulia Rhona mlango, na Alec akamaliza safari kwenye gari la Murdo. Mimi nikakaa nyuma na kikapu cha sandwichi. Kule juu, upepo ulipoyachukua majivu, nililia kwa sauti. Rhona akanishika mkono. "Usijilaumu, shemeji. Gari limemfuata mwenyewe."

Sikujilaumu. Nilichokuwa nakililia ni kwamba sitaisikia tena sauti ile.

Jumanne, 30 Septemba

Murdo anakwenda Brisbane kwa binti yake hadi Krismasi. Gari lake lipo bandani kwake, limefunikwa, na ufunguo kamwachia Rhona, umening'inia jikoni kwa Rhona. Nimekumbuka jambo. Jumamosi, kule nyuma na sandwichi, nilifumba macho, na kwa kitambo kidogo hivi mlio ulikuwa wa Alec kabisa.

Gari likikaa sana bila kuwashwa huharibika. Jumapili Rhona akienda kanisani, nitapita. Kidogo tu.