Simu Zangu Zote kwa Mkasi

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe! Kutoka kwa binti yangu! Miaka miwili hajaniandikia hata nukta. Anasema Jumamosi atapita hapa kwa basi, yeye na mwanawe wa miezi saba, wakienda ukweni. Basi linaingia saa saba mchana na kupumzika saa nzima. Nimsubiri kituoni, akishuka atanipigia. Mwisho kaandika: Baba, usichelewe.

Najua kwa nini kaandika hivyo. Mimi ni fundi cherehani, na gauni la harusi la binti yangu mwenyewe sikulimaliza. Nilimwambia kesho, nikamwambia keshokutwa, siku ikafika gauni halina mikono. Akaolewa na la kuazima, linambana kwapani. Kwenye picha zote kabana mikono kama mgonjwa anayepimwa homa. Picha moja mke wangu kaitundika ukutani sebuleni. Mimi hula nikiwa nimeipa mgongo.

Sijamshika mjukuu wangu hata siku moja. Basi Jumamosi nitamshika.

Simu yangu ni ya vitufe, yenye tochi. Mwaka wa tatu sasa naitumia kupiga, kupokea na kumulikia sindano zilizoanguka. Leo nimetoa kijitabu chake kwenye boksi. Kurasa arobaini! Nitazisoma zote kabla ya Jumamosi. Sitaki simu hiyo moja initoroke.


Jumanne, 4 Machi

Nimejifunza kuongeza sauti (kuna ngazi saba, kumbe miaka yote nilikuwa ya tatu), kubadili mlio, na kuweka mtetemo. Mtetemo ni kitu kizuri. Simu inaita, mwenye simu anajua, jirani hajui.

Shida ni wateja. Wanapiga kutwa nzima. Mkubwa wao ni mama mmoja kiongozi wa kwaya, tunamwita Sauti ya Kwanza. Gauni kumi na mbili za kwaya, zote za zambarau, nilimwahidi mwisho wa Februari. Nimeshona tatu. Sisemi kwamba nilimdanganya. Fundi hadanganyi, anasogeza tarehe.

Saa nne akaja mwenyewe dukani. Kwa nini sipokei simu? Nikamwambia kwa huzuni kwamba simu imekufa tangu Ijumaa, iko kwa fundi. Akasema haya, pole. Lakini mama huyu haamini mtu. Akaingiza mkono kwenye mkoba na kunipigia papo hapo.

Simu ilikuwa mezani, chini ya kitambaa. Ikaanza kutetema. Kitambaa kikaanza kutembea! Kikatoka kwenye mkasi, kikapita pasi, kikasogea polepole hadi ukingoni mwa meza, sisi wawili tukikitazama. Simu ikadondoka juu ya kidole gumba cha mguu wake.

Nimemsogezea hadi tarehe 20. Kaiandika kwenye daftari mbele yangu na kuipigia mstari mara mbili.


Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa wa thelathini na moja. Kuelekeza Simu.

Nimeusoma mara nne. Yaani mtu akikupigia, simu inakwenda kwa namba nyingine unayoitaka wewe. Wewe umekaa kimya, mwingine ndiye anayesumbuka. Aliyebuni jambo hili alikuwa fundi cherehani, sina shaka.

Namba ya nani? Sikufikiri hata dakika. Mkasi! Huyu ni fundi mwenzangu, duka lake linatazamana na langu. Tunamwita Mkasi kwa sababu anakata nguo za watu na maneno ya watu. Ana bango jipya mlangoni: KAZI KWA WAKATI. Najua lile bango linamsema nani. Basi na yeye aonje.

Menyu ikaniuliza: Simu zote? Nikiwa naongea? Nisipojibu? Nikachagua Simu zote, kwa kuwa kazi ya nusunusu mimi siipendi. Ikaandika: Imekubaliwa. Nikacheka hadi uzi ukakatika.


Ijumaa, 7 Machi

Amani! Tangu asubuhi simu haijalia hata mara moja. Nimeshona gauni la nne na kola ya la tano. Mwaka mzima sijafanya kazi namna hii.

Nimemchungulia Mkasi dirishani. Simu sikioni, mkono hewani, jasho. Raha iliyoje!

Jambo moja tu silielewi. Mchana nilimwona mteja wangu wa suruali mbili akiingia kwa Mkasi na kitambaa chake. Halafu yule mwalimu wa sketi. Halafu mwingine. Wote walipita mlangoni kwangu bila kunisalimu. Mke wangu alipoleta chakula akauliza kulikoni, wateja wanahama? Nikamwambia aache, akili yangu yote iko kwenye Jumamosi.

Nimenyoa ndevu. Nimepiga pasi shati la bluu. Simu nimeichaji hadi vijiti vimejaa, nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Sauti nimeweka ya saba. Nimemsomea mke wangu ujumbe wa mwanetu kwa mara ya kumi hivi, naye safari hii kainama na kujifuta macho kwa upande wa kanga. Yeye huenda kumwona mwanetu kila mwaka. Anarudi na habari, mimi nasikiliza nikijifanya natafuta kifungo.


Jumamosi, 8 Machi

Mkono wangu ni mzito leo, lakini nitaandika.

Saa sita na nusu nilikuwa kituoni. Nikakaa nyuma ya vibanda vya tiketi, penye benchi na kivuli. Sikuuliza basi lake husimama wapi. Ya nini? Si atanipigia. Na sikutaka anikute nimesimama langoni nachungulia kila dirisha kama mtu aliyepotelewa na mzigo. Nilitaka anipigie, nami nitokee taratibu, baba wa watu, kwa heshima zangu.

Saa saba. Simu kimya. Saa saba na robo, kimya. Nikaitazama: mtandao umejaa, chaji imejaa, sauti ya saba. Nikampigia mimi. Inatumika. Nikangoja, nikapiga tena. Inatumika! Nikakasirika kidogo. Anaongea na nani wakati baba yake anamsubiri? Nikasema basi, sitamlazimisha, yeye ndiye aliyesema atapiga. Nikakaa. Nilikaa na kiburi changu kwenye benchi dakika arobaini nzima.

Saa nane na nusu nikarudi dukani. Mkasi alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu, tepu ya kupimia shingoni, shati limelowa. Hakunisema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Akanieleza. Tangu juzi wateja wangu wanampigia yeye. Siku ya kwanza alidhani mtandao umechanganyikiwa. Ya pili akaona hii ni riziki, akawa anajibu kila anayepiga kwamba yule fundi ameacha kazi, hataki kusumbuliwa na mtu, leteni vitambaa kwangu. Leo saa saba na dakika tano simu ikaita, akajibu vilevile. Halafu sauti ya mwanamke ikauliza: hata na mwanawe?

Mkasi akajua ni nani. Akamwambia binti asiondoke. Akanipigia mimi. Inatumika. Akanipigia tena. Inatumika. Mjinga yule alikuwa anajipigia mwenyewe! Akaacha duka wazi, akakimbia hadi kituoni. Akamkuta binti yangu kwenye lango la mashariki, kambeba mtoto. Binti akapiga namba yangu tena, ikaita mfukoni mwa Mkasi. Akapiga tena, ikaita mfukoni mwa Mkasi. Wakatazamana. Wakanitafuta pamoja kwenye mabasi yote. Nyuma ya vibanda vya tiketi hawakufika, kwa maana hakuna mtu anayesubiri basi kule.

Nilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka alipo mwanangu. Namwandikia nani hili? Naliandika tu.

Mkasi alimshika mtoto binti alipokwenda kununua maji. Anasema ni mzito, anacheka na kila mtu, na masikio ni yangu kabisa, yamesimama. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamwomba aniambie tena kuhusu masikio.

Binti kaacha maneno. Anarudi tarehe 29, Jumamosi, basi lilelile, saa ileile. Anataka babu amshonee mtoto shati. Anataka nimsubiri kwenye lango la mashariki kabla basi halijaingia, habari za kupigiana simu hazitaki tena. Mume wake amepata kazi mbali sana, wakishahama hawatapita njia hii. Kasema pia kwamba mara mbili zimetosha. Ya tatu ikimshinda Baba, yeye hataomba tena.

Mkasi, ambaye ni fundi hata akiwa anahema, alikuwa amempima mtoto palepale kituoni. Hakuwa na karatasi. Vipimo kaviandika kwenye kiganja. Akanifungulia mkono nikanakili: kifua inchi kumi na saba na nusu, bega inchi saba, mkono inchi nane. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho.

Kisha akachukua simu yangu na kuondoa ule uelekezaji. Ilichukua vitufe vitatu.


Jumapili, 9 Machi

Sikwenda popote. Nimekula nikiitazama picha ya ukutani. Gauni lile la kuazima lilikuwa na lesi mbaya. Langu lilikuwa zuri kuliko lile, na hakuna aliyeliona, kwa kuwa halikuwa na mikono.

Mke wangu hajanigombeza. Kaniuliza tu kama kijitabu kina ukurasa unaosema namna ya kusimama mtu anapoweza kuonekana. Ningependa angenigombeza.

Naapa. Sichezei tena simu kwa ajili ya kukwepa watu. Ni ya kupiga, kupokea na kumulika sindano.


Jumamosi, 22 Machi

Shati limekwisha! Wiki nzima kabla ya siku! Haijapata kutokea katika maisha yangu ya kazi. Jeupe, kola ndogo, vifungo sita vidogo kama punje za mahindi. Mishono ya ndani nimeificha yote, kana kwamba mtoto atageuza akague. Kifuko nimekitia mbele, sijui ataweka nini.

Nilikwenda kumwonyesha Mkasi. Akaligeuza, akavuta mshono, akatafuta kosa. Hakupata. Akasema kwa shida kwamba ni kazi. Nimelifunga kwenye karatasi safi na kuliweka juu ya kabati, mbali na pasi.

Gauni za kwaya zimefika saba. Sauti ya Kwanza alikuja tarehe 20 na daftari lake. Nilitokea mlango wa nyuma.


Alhamisi, 17 Machi

Hiyo ndiyo tarehe ya simu yangu, na naomba iheshimiwe.

Ilikuwa hivi. Leo asubuhi nimemwona Sauti ya Kwanza anavuka barabara, daftari mkononi, na kwaya inaimba Jumapili hii. Gauni zimefika kumi, bado mbili. Mlango wa nyuma mke wangu kaufunga kwa kufuli, kwa makusudi. Mkono wangu wenyewe ukaingia kwenye Mipangilio, kisha Saa na Tarehe. Nikarudisha nyuma siku kumi. Vitufe vinne tu!

Alipofungua kinywa, nikamwonyesha simu. Mama, leo ni tarehe 17. Tuliagana 20. Kulikoni haraka? Akaitazama simu. Akatazama daftari. Simu yake ilikuwa kwa kinyozi inachajiwa, hakuwa na pa kuhakikisha. Mtu wa siku hizi yuko tayari kukitilia shaka kichwa chake kuliko simu. Akaondoka akihesabu kwa vidole, akasimama katikati ya barabara, akaanza upya kuhesabu.

Mke wangu kasikia yote. Kauliza, na kile kiapo cha kutoichezea simu? Nikamwambia hili si kuichezea, ni kuitumia. Kauliza nitairudisha lini tarehe. Nikamwambia Jumatatu, kwaya ikishaimba, maana mama yule anaweza kurudi wakati wowote na kutaka kuiona tena.

Jumamosi keshokutwa najifungia dukani tangu alfajiri, nimalize gauni mbili zilizobaki. Simu nimeiweka Kimya, asinisumbue mtu. Lakini safari hii nimejipanga, kosa halirudiwi. Kijitabu kinasema kengele huita hata simu ikiwa kimya. Basi nimetega kengele: 29 Machi, saa sita mchana, sauti ya saba. Nimeikagua mara tatu. Ikilia tu, naacha sindano ilipo, nachukua shati juu ya kabati, naelekea lango la mashariki. Nitafika basi halijaingia.

Saa ya ukutani nimeishusha na kuigeuza kifudifudi, maana nikiitazama kila dakika sitashona kitu. Sitahitaji kutazama chochote. Nitashona kwa utulivu hadi simu iniite.