Maiti wa Kidato cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo umegoma. Zege tangu asubuhi, ghorofa ya nne, na toroli langu lina gurudumu linalolia kama mbuzi. Lakini leo kuna neno! Mnyapara ametangaza kwamba stoo inataka msaidizi. Kazi yenyewe ni kukaa kitini na kugawa misumari. Kiti nimekiona. Kina mto! Sharti: awe anasoma sekondari ya jioni na afaulu vizuri somo lake la kuchagua muhula huu. Mimi nimo kidato cha pili. Nimerudi shule na mvi zangu kwa amri ya mke wangu, ambaye yuko nyumbani, mbali kabisa, na bado ananiendesha kwa simu. Somo la kuchagua sijachagua.
Tunaokitaka kiti hicho ni mimi na Rula. Rula ni seremala, kitanda chake kiko juu ya changu katika bweni la wafanyakazi. Tunamwita hivyo kwa sababu hupima kila kitu, hata kipande chake cha mkate. Amechagua Biashara, na tayari anatembea kama mwenye duka.

Jumanne, 4 Machi
Nimechagua Maigizo. Nimetumia akili! Biashara ina hesabu. Kilimo kina jembe, na mimi sikulikimbia jembe huko kwetu ili nije nilikute darasani. Maigizo ni kusema uongo tu, na bweni zima tulishafuzu. Mke wangu aliuliza maigizo ndiyo nini. Nikamwambia ni somo zito. Akasema watoto wasiambiwe kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe! Mwalimu ni binti mdogo, mpole wa sura, katili wa moyo. Alituvua viatu akatuamuru tuwe vitu. Mama Kantini, anayetupikia kazini mchana na kusoma nasi jioni, akapewa mti. Akasimama zake kwa raha. Mimi nikapewa toroli. Kutwa nzima nimesukuma toroli, jioni nikawa toroli! Nikatambaa, nikalia gurudumu. Mwalimu akasema hajawahi kuona toroli lenye ukweli kama mzee huyu. Ukweli wenyewe, mwanangu, uko kiunoni.

Ijumaa, 7 Machi
Mambo yamenyooka! Mtihani wetu ni mchezo, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini, mbele ya watu. Mnyapara amealikwa. Mtu amekufa, mjane analia, ndugu wa marehemu wanagombea vyombo, polisi anakuja kuwaachanisha. Mwalimu hajamaliza kueleza, mkono wangu uko juu: maiti! Maiti hakariri chochote. Maiti hulala mwanzo hadi mwisho. Kulala, tena kwa alama!
Nilifurahi mno nikamsimulia Rula. Mdomo wangu huu.

Jumatatu, 10 Machi
Rula amehama Biashara. Eti amepata wito. Naye anataka umaiti! Mwalimu akasema tushindane, wote wawili chini. Rula alinyooka kama mstari, lakini kope zikimcheza. Mimi nilifumba macho kidogo tu. Kushtuka, darasa limekwisha, Mama Kantini ananisukuma kwa ncha ya kiatu, ananiambia, baba, amka, umeshinda.
Rula amepewa polisi. Amenuna. Jioni yote ameipima filimbi yake.

Alhamisi, 13 Machi
Mazoezi. Mama Kantini ndiye mjane wangu. Analia machozi ya kweli, siri ni kitunguu ndani ya leso. Amelalamika kwa mwalimu kwamba marehemu anatabasamu. Nilikuwa nakiota kile kiti. Jeneza hatuna, kwa hiyo nalazwa juu ya ubao wa zege tulioazima kazini. Nimeuzoea kuliko godoro langu.
Rula amenishauri eti nisisinzie kweli siku yenyewe. Wivu huo.

Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi tulimwaga zege. Nikaenda ukumbini na saruji masikioni. Pazia likafunguka. Nikafa vizuri sana.
Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilikoroma. Mama Kantini hakupepesa jicho. Akawageukia watu na kuwaambia kwamba hata alipokuwa hai, mume huyu hakumwachia usingizi. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Ndugu wakaanza kugombea sufuria. Hapo ndipo Rula akaingia na kuipuliza filimbi, kwa chuki zote za bweni letu.
Filimbi! Kazini kwetu filimbi ina maana moja tu: mapumziko yamekwisha. Nikaruka. Wanasema nilipiga kelele, naja, mnyapara! Nikautupa ubao begani, nikageuka nao, ncha ya nyuma ikawafagia ndugu wote wa marehemu, nikatoka mbio na sanda shingoni. Nilizindukia kwenye geti la shule, naulizia mashine ya zege iko wapi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefaulu! Wa kwanza darasani! Mwalimu amesema katika maisha yake hajaona maiti mwenye bidii namna ile.
Nikaenda kwa mnyapara kifua mbele. Akanikumbatia. Akasema mfanyakazi ambaye hata kifo hakimzuii kuitikia filimbi ni lulu, na lulu haiwekwi stoo. Nibaki kwenye zege. Kiti amepewa Rula. Nilipopita pale alikuwa anaupima mto.
Mama Kantini ametuma video ya mchezo kwa mke wangu. Watoto wameiona mara nyingi kuliko inavyofaa. Mke wangu amesema haoni nilichoigiza, maana nyumbani nalala vilevile.

Jumanne, 18 Machi
Mgongo leo hausemeki. Lakini nimepata mpango! Muhula ujao tunacheza mchezo wa mfalme. Mfalme hukaa kitini. Kiti kikubwa, cha enzi, chenye mto! Nimejiandikisha kabla Rula hajasikia. Mwalimu alinikimbilia mlangoni kunieleza kwamba mfalme hupinduliwa ukurasa wa pili na kupelekwa kuvunja mawe mpaka pazia lifungwe. Sikusimama kumsikiliza. Maelezo madogomadogo hayo tutayaona mbele.