Kisanduku Changu Kati ya Ujenzi na Afya

Jumatatu, 3 Juni

Balaa limeingia masjala. Waraka umekuja asubuhi: halmashauri inapangwa upya. Idara kumi na moja zitakuwa saba. Masjala, ambako mimi na Bi Mihuri tumekaa meza kwa meza miaka tisa tukipokea na kutunza mafaili, itabaki na karani mmoja. Wa pili atapelekwa dampo kuandika namba za malori ya taka.

Dampo! Mimi, mwenye hati nzuri kuliko wote jengo zima.

Bi Mihuri hakushtuka. Aliusoma waraka, akaugonga muhuri wa kupokelewa, akaufaili. Jina tumempa sisi, kwa kuwa hugonga muhuri kila kinachopita mbele yake, hata kalenda. Anajua lilipo kila faili, pamoja na yale yaliyopotea. Tukipimwa kwa kazi, nimekwisha. Kwa hiyo sitakubali tupimwe kwa kazi.

Lakini Mungu si Athumani. Saa nane Mkurugenzi kaniita ofisini kwake. Anataka chati ya muundo mpya ichorwe kwa mkono, kubwa, ya kubandika ukutani, maana kompyuta ya Mipango inachora mistari iliyopinda. Kasikia nina rula.

Ninayo. Tena ya chuma.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora mchana kutwa, ulimi nje. Juu kabisa Mkurugenzi. Chini yake visanduku saba vya idara, kila kimoja na mstari wake. Watu wa nje hawajui nguvu ya mistari hii. Hapa kwetu jambo haliendi kwa mtu, linaenda kwa kisanduku. Mkurugenzi akipata barua hatazami nani anaweza kuishughulikia. Anatazama chati, anafuata mstari kwa kidole, anaandika jina la kisanduku, basi. Usipokuwa kwenye kisanduku, wewe ni fenicha.

Kufika saa tisa nikaona kitu. Kati ya Ujenzi na Afya pamebaki nafasi. Vidole vitatu hivi. Karatasi tupu, nyeupe, inanitazama.

Nikachora kisanduku. Ndani nikaandika: Kitengo cha Uratibu wa Masuala Mtambuka. Sijui maana yake. Huo ndio uzuri wake, kwa sababu hakuna mwingine atakayejua, na hakuna atakayeuliza, kwani kuuliza ni kukiri. Nikakiunganisha na Mkurugenzi kwa mstari wa nukta nukta. Mkuu wa kitengo: mimi. Wacha Bi Mihuri na dampo wamalizane.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akauliza kama Mkurugenzi ameniteua. Nikamwambia uteuzi ni utaratibu tu, utafuata. Akasema haya, baba watoto. Haya yake ilikuwa ndefu kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Wamepitisha!

Kikao cha wakuu wa idara, saa mbili na nusu. Chati nimeibandika mwenyewe. Niliogopa. Bure. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: hakuna aliyetazama kisanduku kisichokuwa chake. Mkuu wa Ujenzi alikipima cha kwake kwa kidole, akapima na cha Afya, akalalamika kwamba Afya wamepewa kikubwa. Mkuu wa Afya akasema ugonjwa ni mwingi kuliko barabara. Hapo walikwama dakika arobaini. Nikaahidi kumwongezea Ujenzi milimita mbili.

Mkuu wa Mipango ndiye aliyefika kwangu. Roho ikapaa. Akasema anafurahi kuona masuala mtambuka yamezingatiwa, wao Mipango wameyapigia kelele muda mrefu. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mkurugenzi akasaini.

Nimerudi masjala nikiimba. Bi Mihuri akaniambia kesho hayupo, anaenda kumwoza binti wa dada yake, ameomba ruhusa ya Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Nikamtakia heri kwa moyo mweupe. Sijawahi kumpenda kama leo.

Alhamisi, 6 Juni

Nina ofisi! Ni stoo ya mifagio karibu na vyoo, lakini ina mlango, na mlango una kitasa. Nimetoa mifagio ishirini na miwili. Nimepata kiti chenye mikono, mmoja umelegea. Jina langu nimeliandika mlangoni kwa rangi mbili.

Masjala nimeifunga. Mkuu wa kitengo hawezi kupokea bahasha dirishani.

Saa nne likaja faili la kwanza. Nilishika karatasi kama naibatiza. Mfereji wa sokoni umeziba. Ujenzi wameandika kwamba zege la mfereji ni lao ila kilichomo si chao. Afya wameandika kwamba maji machafu ni yao ila yakitembea, na haya yamesimama. Mkurugenzi, kwa kalamu ya kijani: Masuala Mtambuka, tafadhali shughulikia.

Nimelitazama sana. Kisha nikaandika: Limeonekana. Linafaa kutazamwa tena. Saini kubwa.

Uongozi mtamu, jamani.

Ijumaa, 7 Juni

Mafaili kumi na tisa.

Ninaanza kuelewa maana ya mtambuka. Ni lile ambalo kila mmoja amelikwepa. Kuna mti umeegemea upande wa ukumbi wa mikutano. Ukisimama wima ni wa Mazingira. Ukianguka ni wa Ujenzi. Huu umeinama, kwa hiyo ni wangu. Kuna nyuki wamejenga kwenye dari la ukumbi huohuo. Kilimo wanasema nyuki wa ndani ya jengo hawawahusu. Ujenzi wanasema dari wanalitambua, wadudu hawawatambui. Afya wanasema watajishughulisha mtu akishaumwa.

Kila nilipoandika kuwarudishia, mafaili yalirudi kwangu kabla wino haujakauka, Mkurugenzi akiwa ameufuata tena kwa kidole ule mstari wa nukta nukta. Mchana yalifika kwenye kitasa. Nimekula chakula nimesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa na mafaili sita.

Lakini nafurahi! Mhudumu wa chai ameniita Mheshimiwa. Sikumsahihisha.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe amekuja. Mke wangu kamweleza, kwa sauti isiyo na chumvi wala sukari, kwamba sasa mimi ni mkuu. Mama mkwe akauliza mkuu wa nini. Nikamweleza kwa muda wa robo saa. Alipoondoka alimwambia binti yake apunguze kunipa kazi za ndani, naonekana nina homa.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya siku! 

Saa tatu limekuja faili jembamba. Nani abaki masjala na nani aende dampo? Utumishi wanasema masjala waamue wenyewe. Masjala, yaani mimi wiki iliyopita, nilisema Utumishi ndio waamue. Sasa ni mtambuka. Limekuja kwangu! Hatima ya Bi Mihuri iko chini ya kiwiko changu.

Jina sikuandika. Hapana, mimi si mshamba. Nimeandika kigezo, kitu kisafi, kisicho na chuki: Karani yeyote aliyekosekana kwenye meza yake ya masjala kwa siku tatu za kazi mfululizo au zaidi, bila ruhusa, ahamishiwe dampo mara moja. Ile "bila ruhusa" niliiweka ili ionekane ya kisheria. Nimeambatanisha daftari la mahudhurio. Bi Mihuri: Alhamisi hayupo, Ijumaa hayupo, leo hayupo. Kesho madiwani wanakipitisha kwenye baraza.

Nilipata nguvu mpya, nikamaliza na mti. Ukatwe kesho saa nne kamili, madiwani wakiwa ukumbini, waone dirishani kitengo kinachofanya kazi. Kuhusu nyuki nimeandika: Wasisumbuliwe hadi baraza liishe.

Mafaili matatu, maamuzi matatu, siku moja. Wengine wamestaafu bila kufikisha hayo.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Kigezo changu kilisomwa saa tatu na dakika hamsini. Kilipita kwa kauli moja. Diwani mmoja alisema ni mara ya kwanza kuona haki iliyoandikwa kwa hati nzuri hivyo. Nilikaribia kulia.

Saa nne kamili mti ulikatwa. Ulianguka, kama ulivyokuwa umeinama siku zote, kuelekea ukumbini. Ukagonga ukuta. Dari likatikisika. Nyuki wakasumbuliwa.

Sitasahau. Mwenyekiti wa baraza alipita dirishani na joho lake. Mkuu wa Afya alikuwa wa kwanza kuumwa, na kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe, tangu hapo nyuki walikuwa wake. Nilimkumbusha hilo tukiwa tunakimbia. Aliongeza mwendo.

Baraza likaendelea uwanjani, kwenye nyasi, nyuso zikiwa kama maboga. Wakauliza nani kaamuru mti. Wakauliza nani kaamuru nyuki waachwe. Wakaitisha chati. Kwa mara ya kwanza mtu akasoma kisanduku changu mpaka mwisho. Mwenyekiti akauliza kinahusika na nini. Mkuu wa Mipango, yule yule aliyekipigia kelele, akasema yeye hajawahi kukiona. Mkurugenzi akanigeukia, akauliza kimefikaje pale.

Nikasema rula iliteleza.

Wamekifuta kwa wino mwekundu, wakaandika kwenye muhtasari kwamba kitengo kihesabiwe kuwa hakikuwahi kuwapo. Iliniuma, sisemi uongo. Lakini kichwani nilikuwa natabasamu. Kama hakikuwahi kuwapo, basi mimi sikuwahi kuondoka masjala. Ni karani kama zamani. Na anayekwenda dampo amekwishajulikana.

Ndipo Mkuu wa Utumishi akafungua daftari la mahudhurio ili kigezo kitekelezwe. Bi Mihuri: siku tatu, barua ya ruhusa ipo, imegongwa muhuri. Mimi: Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu, meza tupu, dirisha limefungwa, wananchi wamelalamika. Barua ya ruhusa hakuna. Akauliza kama nina la kujitetea dhidi ya kigezo hicho. Nikasema kigezo kina kasoro. Akauliza kimeandikwa na nani.

Jumatano, 12 Juni

Barua ya uhamisho nimeichukua masjala mwenyewe. Bi Mihuri amerudi harusini, mikono ina hina, uso mkunjufu. Alinipa pole ya kweli, akanipa na mafuta ya kupaka mkono. Kisha akaigonga barua muhuri. Mara tatu. Akasema mmoja haukutoka vizuri.

Mke wangu ameisoma barua, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikakasirika. Baadaye nikacheka na mimi. Akasema angalau dampo hakuna pa kuchora. Mshahara ni uleule, watoto watakula, nitulie tu niandike namba za malori.

Nimemwahidi.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya pili dampo. Jana nilikuwa na huzuni mpaka saa tano. Harufu inazoeleka upesi kuliko nilivyodhani. Tuko watatu: mimi, mlinzi wa lango, na dereva wa tingatinga anayesukuma taka.

Leo nimegundua jambo la kutisha. Hawa watu wanafanya kazi bila muundo wowote! Lori linakuja, mlinzi anafungua, dereva anasukuma, limekwisha. Hakuna anayeandikia mwenzake. Hakuna anayeripoti kwa mtu. Nimemuuliza mlinzi, taka ikidondoka katikati ya lango na shimo, ni ya nani? Akasema yeyote aliye karibu anaiokota. Nimesikitika sana.

Nimeokota boksi zuri la friji, nikalikata. Upande wa ndani ni msafi. Idara tano kwa kuanzia, kisha tutapanuka. Dereva ameuliza watu watatu watajaza vipi idara tano. Nikamwambia hilo litaratibiwa.

Malori manne yamesimama nje tangu saa nne, yanapiga honi. Mlinzi anataka kuyafungulia. Nimemkataza. Lango bado sijaliwekea mstari.