Pedali za Kunasa

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi cherehani wa kwenye fremu ya Mzee Humoud, chumba chake cha biashara cha kupangisha, kahamia Chalinze. Fremu iko wazi! Imepakana na duka lake la mchele, kwenye barabara ambayo kila mgeni wa Bagamoyo lazima aipite. Nimeisubiri miaka mitatu. Nitaweka baiskeli za mlimani za kukodisha. Ndiyo, najua Bagamoyo hakuna mlima. Ashatu, dada yangu, ambaye naishi kwake, alinikumbusha kabla sijamaliza kusema. Watu wa hapa hawaoni mbali.

Tatizo ni moja. Anold naye anaitaka. Anold katoka bara, hana hata miaka minne hapa, na wazo lake eti ni baiskeli za kukodisha. Kaniibia. Anasema alianza yeye. Na hilo la kusema alianza yeye kaniibia vilevile.

Mzee Humoud katuambia wote wawili jibu atalitoa Jumapili. Akasema yeye haangalii mfuko, anaangalia mtu. Nimeelewa. Mtu huanza kuangaliwa miguuni. Kesho viatu.

Jumanne, 9 Septemba

Kwa Sihaba, muuza mitumba sokoni. Nikamwambia nataka viatu vya mwendesha baiskeli wa milimani, si vingine. Akachimbua robota zima, akatoka na pea moja. Vyeusi, soli ngumu kama ubao, na chini ya kila soli kipande cha chuma. Namba arobaini na moja. Mimi navaa arobaini na tatu. Sihaba akasema ngozi hutanuka. Si ngozi. Nimenunua.

Nyumbani nikavijaribu sakafuni. Ko, ko, ko. Ashatu akauliza kutoka jikoni nani anatwanga saa hizi. Nikaenda kumwonyesha, nikateleza, nikafika jikoni kwa makalio. Akavitazama, akasema kiatu kisichotembeleka ni pambo. Wivu. Kiatu cha kitaalamu hakiendi sokoni.

Jumatano, 10 Septemba

Kerege, kwa fundi Vedasto. Hakuna anayejua baiskeli kama yeye njia yote hii mpaka Dar. Akatandika gunia, akapanga pedali za aina tatu. Ya kwanza pana, ina vimeno vya kushika soli. Unavaa raba yoyote, na mguu unatoka ukitaka. Ya pili ina kikapu cha vidole na mkanda. Ya tatu ndogo, ina mdomo wa springi: inakibana kile chuma cha chini ya kiatu, ka!, na mguu hautoki mpaka upindishe kisigino kwa nje. Moyo ukanidunda.

Vedasto akauliza naendeshea wapi. Nikasema milimani. Akauliza mlima upi. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Akauliza kwa siku nashuka mara ngapi. Swali gani hilo? Mtu kaja kwa ajili ya kupanda, fundi anamuuliza habari za kushuka! Akanishauri nichukue zile pana, maana njia ya Makurunge, wanakokwenda wageni, ni mchanga mtupu, na kwenye mchanga mguu unawekwa chini kila dakika. Akaongeza kwamba Anold kachukua hizohizo wiki iliyopita, na anaziendeshea raba zake za kawaida.

Basi. Nimechukua za kunasa. Vedasto alitaka kulegeza springi kwanza, nijifunze pole pole. Nikamwambia akaze mpaka mwisho. Mimi si mwanafunzi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mazoezi uani. Nimeanguka mara tatu. Kushoto, kushoto, na kwenye banda la kuku. Mara zote baiskeli ilikuwa imesimama. Ashatu akasema amewahi kuona mtu kaangushwa na punda, na mwingine na mkewe, ila si na baiskeli iliyosimama.

Lakini siri nimeigundua. Ukiwa unakwenda, huanguki. Kinachoangusha ni kusimama. Kwa hiyo sisimami. Nikatoka.

Mzee Humoud alikuwa nje ya duka lake, kitini. Sasa, kwetu hapa mtu hampiti mkubwa akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaamkia, unauliza hali, ndipo unapanda. Marehemu baba aliwahi kunirudisha nusu ya mji nikamwamkie mzee niliyempita. Yote hayo nayajua. Miguu ndiyo iliyogoma kutoka. Nikasema shikamoo mzee hukohuko juu. Akafungua mdomo aitikie, mimi nishafika konani. Marahaba sikuisikia.

Salamu isiyo na jibu haikai vizuri moyoni. Nikauzunguka mtaa, nikapita tena. Shikamoo, mzee! Lori likapiga honi. Nikazunguka tena. Mara ya tano nilimkuta kasimama, kiganja juu ya macho, ananifuata kwa shingo.

Mara ya sita nikamkuta Anold. Kashuka. Baiskeli kaiegemeza ukutani, mkono wa mzee kaushika kwa mikono yake miwili, anaulizia habari za goti. Mtu wa bara anatufundisha adabu za pwani! Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mji mzima unajua. Baada ya sala watu wawili waliniuliza nina ugomvi gani na nyumba ya Mzee Humoud mpaka namzunguka kama mwewe. Wa tatu hakuuliza, alinisomea dua.

Ashatu akasema niende kwa mzee kwa miguu yangu, nimtake radhi, nikae naye nusu saa. Nikamwambia nitafikiria. Akaweka mwiko chini. Huwa hauweki.

"Twalha, hii fremu ndiyo nafasi yako. Una miaka thelathini na sita. Huwezi kuzeekea kwenye kochi langu."

Imeniuma. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Fremu nikiikosa sijui nitakwenda wapi tena, na kochi lenyewe ni fupi.

Lakini kwa miguu siendi. Nani atamwamini muuza samaki asiyenuka samaki? Nimepata njia nyingine. Mbele ya duka la mzee kuna nguzo ya umeme. Nafika taratibu, naishika nguzo kwa mkono wa kushoto, baiskeli inatulia, miguu inabaki palepale iliponaswa, mkono wa kulia uko huru kwa salamu. Nimefanya mazoezi na mti wa kamba ya kuanikia nguo. Nimefaulu mara tisa kati ya kumi. Ile ya kumi ni shuka ndiyo iliyokosea.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne asubuhi. Mzee kitini, magunia ya mchele nyuma yake, nguzo mahali pake. Anold upande wa pili wa barabara, anajaza upepo. Vizuri. Aone.

Nikafika. Nikaishika nguzo. Nikasimama! Nikaamkia kwa sauti ya kutulia. Mzee akasema marahaba, mwanangu, na safari hii niliisikia yote, mpaka mwisho. Nikamtaka radhi kwa mambo ya juzi. Akatabasamu. Akainuka, akaninyooshea mkono.

Nikautoa wangu wa kulia. Sasa, mama yangu, Mungu amrehemu, alitulea hivi: mkono wa mkubwa haupokewi kwa mkono mmoja. Unapokewa kwa miwili. Wala sikufikiri. Mkono wa kushoto ulikuja wenyewe.

Niliondoka kwenye nguzo pole pole. Nilipata muda wa kuona kila kitu. Mkono wa mzee sikuuachia, maana kumwachia mkubwa kabla yeye hajakuachia ni utovu wa adabu. Tukaenda wote. Yeye, alhamdulillahi, alipokewa na magunia. Mimi nilipokewa na saruji, na baiskeli juu yangu, miguu yote miwili bado imenaswa.

Watu wakajaa. Mzee alikuwa mzima. Akakaa sawasawa juu ya gunia, akaipangusa kofia yake.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kunisalimia au kunichukua?"

Mkono wake nilikuwa bado nimeushika. Anold akaja mbio, akamwinua mzee kwanza, kisha akapiga goti kando yangu akanipindisha kisigino kwa nje, kimoja, halafu kingine. Hakucheka. Afadhali angecheka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Naandika hivi mara moja tu.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee katuita baada ya Anold kurudi misa. Fremu kampa Anold.

Kanieleza mwenyewe, kwa upole, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mgeni akifika, mwenye duka hushuka," alisema. "Wewe adabu unayo, Twalha. Ila umeifunga miguu."

Miaka mitatu! Nikasimama tu, natazama mlango wa ile fremu, na rangi niliyokwisha kuichagua kichwani.

Hapo Anold akasema anaomba mimi nifanye naye kazi. Eti mji siujui kama yeye anavyotaka kuujua, ila naujua kuliko yeye. Nipokee wageni, niwapeleke Makurunge. Ashatu nilipomwambia machozi yalimlenga, akanirudisha palepale nikamshukuru Anold vizuri. Nimemshukuru. Kwa ufupi.

Kesho tunafungua. Anold anakwenda Chalinze kufuata matairi, kaniachia ufunguo. Mzee Humoud atapanda baiskeli ya kwanza kwa ajili ya baraka, aende mpaka sokoni na kurudi. Hajapanda miaka kumi na tano. Anold kaniambia nimwandalie ile ya chini, pedali pana, nisiguse kitu.

Jioni nzima nimekaa nikatafakari. Kosa langu sasa nimeliona wazi, na nashangaa hakuna aliyeniambia. Pedali za kunasa si za kijana. Kijana ana wakubwa wengi mno wa kuwashukia. Mzee Humoud hana. Kutoka hapa mpaka sokoni hakuna hata mmoja anayemzidi umri. Yeye atapita tu; watakaoshuka ni wengine. Pedali hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Nimemfungia pedali zangu tayari. Viatu nimevipiga brashi, nimeviweka mlangoni pake.