Chumba Changu Kilichofutwa Uskoti

Kibamba,
Dar es Salaam.

Kwa Afisa wa Vibali vya Ujenzi,
Halmashauri ya mji anakojenga mwanangu,
Uskoti.

YAH: CHUMBA CHA MAMA KUFUTWA KWENYE RAMANI YA FREDRICK

Ndugu Afisa,

Pole na kazi, na pole na baridi. Mie naitwa Auleria Leonardi, mama mzazi wa Fredrick, yule kijana mrefu anayekuja ofisini kwako na ramani kwapani. Ile adabu yake unayoiona nimempa mie, hakuikuta huko. Barua hii itageuzwa Kiingereza na binti yangu Monica, mwalimu wa sekondari, naye nimemkataza kupunguza makali.

Fredrick ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kujenga Ulaya. Sisemi kwa kujisifu, nakupa taarifa tu. Taarifa hiyo wanayo pia wanakwaya wote, wenzangu wa kuweka akiba kwenye vikoba na muuza mkaa.

Kwenye ramani ya kwanza kulikuwa na chumba nyuma, ubavuni mwa jiko, kimeandikwa CHUMBA CHA MAMA. Niliichapisha steshenari, nikaitia kwenye fremu, ikatundikwa sebuleni. Sasa imekuja ramani mpya na chumba hakimo. Fredrick anasema mmekikata kwa kuwa kimesogelea mpaka na dirisha lake linachungulia kwa jirani. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili usiruke hata moja.

1. Mlimwamuru mwanangu abandike tangazo pale kiwanjani kwamba anataka kujenga, mwenye pingamizi ajitokeze. Ndugu Afisa, nani aliwashauri hivyo? Huku mtu akinunua kiwanja hata mdogo wake hamwambii. Anashusha mchanga, akiulizwa anasema ni wa kanisa. Watu wanakuja kushtuka linta imeshafungwa juu ya madirisha. Nyie mnawaalika wenye husuda kwa maandishi! Na kweli kajitokeza babu mmoja mwenye mbwa, kasema dirisha langu litamwona akiwa bustanini. Nimwone ili iweje? Na akianguka huko bustanini, nani atamwona?

2. Popo. Nimeambiwa banda bovu lililopo kiwanjani halibomolewi kwanza, kwa sababu ndani kuna popo na wanalea. Kaletwa mpaka mtaalamu kuwatazama. Mie nimelea wanangu kwenye nyumba isiyo na dari, popo wakipita juu ya neti, na hakuna mtaalamu aliyebisha hodi. Sina ugomvi na popo. Nauliza tu: inakuwaje popo mwenye watoto ana chumba kwenye kiwanja cha Fredrick, na mama yake Fredrick hana?

3. Fredrick anajenga kwa mikono yake, na wakati anasubiri kibali ameshaanza kusawazisha kiwanja. Alituma picha kavaa kofia ya njano, beleshi mkononi, tope mpaka magotini. Kosa langu niliionesha watu baada ya misa kabla sijaitazama vizuri. Jirani yangu Mama Gladness hajaumbiwa kunong'ona. Akasema, "He! Mama Fred, kumbe mwanao huko ni saidia fundi!" Nikamjibu kuwa Uskoti wenye uwezo ndio wanaokoroga zege wenyewe, ni mazoezi ya mwili. Naomba jambo hilo liandikwe kwenye kibali, tena kwa herufi kubwa.

4. Eti hamumruhusu kuhamia mpaka mkague kila kitu. Sie tulihamia chumba kimoja kilipopata bati tu, madirisha tukaziba kwa viroba, tukaendelea kujenga tukiwa humo humo. Nyumba isiyo na mtu inaibiwa nondo, hamjui? Nyumba yangu mpaka leo nondo zimechomoza juu zinasubiri ghorofa, na hakuna aliyewahi kusema haijaisha. Labda Mama Gladness.

Kwa kuwa naona mmeelemewa, nimewasaidia kazi. Nilichukua ile ramani ya kwanza nikaipeleka kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Fakihi. Hapa mtaani huuzi wala hujengi bila yeye, maana mipaka yote iko kichwani mwake. Akaniuliza kiwanja kimepakana na nani. Nikamwambia upande huu babu mwenye mbwa, upande ule kondoo. Akauliza kama Fredrick alikwenda kukaa na huyo babu, wakazungumza, hata kwa soda. Nikasema sidhani. Mzee wa watu akavua miwani: "Sasa mama, hapo ndipo palipoharibika. Mtu anajengaje hajakaa na jirani?" Akasaini, akaandika kwa mkono wake kwamba chumba hicho hakina mgogoro. Nimeambatanisha. Kwa upande wa Kibamba, Ndugu Afisa, kibali kimeshatoka. Mnaochelewesha ni nyie.

Ombi langu ni moja: rudisheni chumba. Kama dirisha ndiyo ishu, nitashona pazia zito mwenyewe. Kama ni mpaka, babu asogee kidogo, ana bustani kubwa. Mtoto akienda mbali hivyo, mama anabaki na simu, na simu yenyewe inakatika. Lakini ukuta uliojengwa kwa ajili yangu haukatiki. Nikijua upo, nalala vizuri.

Nisalimie mkeo, watoto, wafanyakazi wenzako wote, hata huyo babu na mbwa wake. Waambie Kibamba tupo, tunawaombea jua.

Ni mie mama yenu wa huku,
Auleria Leonardi (Mama Fredrick)

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Fredrick kapiga simu anacheka peke yake. Kumbe alifuata maneno ya Mzee Fakihi niliyomsimulia kwa simu, akaenda kukaa na babu. Babu kaondoa pingamizi, nanyi mmepitisha ile ramani ya kwanza pamoja na chumba changu. Nikapiga vigelegele mpaka muuza mkaa akaja kuuliza. Kisha mtoto akasema, "Mama, anza kushughulikia pasipoti, uje tukae wote moja kwa moja." Moja kwa moja! Nani alisema habari za kukaa? Nina kuku, nina kwaya, na Mama Gladness nikimwacha peke yake atausema mtaa mzima bila wa kumjibu. Mie nilitaka chumba kiwepo, sikusema nitalala humo. Na mtoto kafurahi hivyo, nitamwambiaje mimi? Basi Ndugu Afisa, nakuomba kwa heshima zote ukikatae tena, na safari hii ukaze. Monica, kaka yako asiione nyongeza hii. Lawama nitaendelea kuwatupia nyie huku mtaani, msijisikie vibaya. Sababu ya kukataa tafuteni wenyewe, kazi hiyo mnaiweza.