Breki za Gari la Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya nuksi. Mke wangu alichukua gari kwenda sokoni bila kuniaga, mimi nikiwa bafuni na sabuni usoni. Laiti angeniaga! Ningemweleza kuhusu pedali ya breki. Siku hizi ni laini kama mto wa kulalia. Ukikanyaga mara ya kwanza inakwenda chini, ya pili inapanda kidogo, ya tatu ndiyo gari linasimama. Mimi nimeshazoea, mguu unajua wenyewe. Yeye alikanyaga mara moja tu, kama mtu yeyote aliyeolewa na mwanamume wa kuaminika.

Gari lilisimama kwenye ukuta wa kinyozi. Taa moja imepasuka. Mke wangu mzima, namshukuru Mungu, hata mkwaruzo hana. Alirudi kwa miguu, akaweka ufunguo juu ya friji, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema, najua nini? Tangu hapo hajanisemesha. Gari nimelifuata mwenyewe, nikalirudisha uani polepole.

Na Jumamosi mama mkwe anatoka hospitali! Amefanyiwa upasuaji wa macho. Gari hili lilikuwa la marehemu mumewe, na alitamka mwenyewe, mbele ya watu, kwamba atarudi nyumbani kwa gari la mzee na nitaendesha mimi. Sasa nimemsikia mke wangu kupitia mlangoni akimpigia simu kaka yake. Eti shemeji ndiye atakayekwenda kumchukua. Shemeji! Bwana Kiyoyozi, anayefunga vioo hata kukiwa na baridi ili watu wajue kuwa gari lake lina kiyoyozi. Haiwezekani.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na wazo. Pedali inashuka sana? Basi ipandishwe. Nilikata soli ya kiatu cha zamani, nikaigandisha juu ya pedali kwa gundi, nikakanyaga. Iko juu, safi kabisa! Kisha ikazama vilevile, na kiatu changu kikabaki kimeganda pale. Niliingia ndani mguu mmoja pekupeku.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akautazama mguu, akageukia dirisha. Zamani angecheka mpaka akae chini. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimejitia hamnazo. Nilikwenda kwa fundi magari, jirani yetu, nikamwambia nina rafiki ambaye pedali yake ya breki inazama. Fundi akauliza kama huyo rafiki anakaa karibu na kinyozi. Nikasema simjui vizuri kiasi hicho.

Alinieleza hata hivyo. Pedali ikipanda kwa kukanyagwa mara kwa mara, mara nyingi ni hewa imeingia kwenye mabomba. Mafuta ya breki hayabonyei, hewa inabonyea, ndiyo maana mguu unazama. Na hewa haiingii bila mlango. Rafiki yangu atazame mafuta. Kama yanapungua, atafute yanakovujia.

Sikuhitaji kutazama. Yanapungua, najua. Kila yakipungua naongeza, nafunga kifuniko, naondoka napiga mluzi. Sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi. Nimelifikiria hilo muda mrefu leo, nimekaa juu ya tairi la akiba. Ni mambo mangapi humu ndani nimekuwa nayaongezea tu?

Nilipandisha gari kwa jeki, nikaweka magogo chini, nikavua gurudumu la nyuma, la kushoto. Ndani kumelowa. Raba za silinda ndogo ya gurudumu zimechakaa, mafuta yamezilowesha bitana zote, zile pedi zinazobana gurudumu. Fundi alinipa raba mpya na bitana mpya, akanipa na pole za kumfikishia rafiki yangu. Nimefunga kila kitu mpaka giza lilipoanza kuingia. Imebaki kutoa hewa tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali na kuishikilia, anasema, “Nimekanyaga.” Mwingine yuko chini, anafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, hewa na mafuta vinapita kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye chupa, anafunga, anasema, “Achia.” Mguu ukiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani. Basi. Hata mtoto anaelewa.

Nikalitangazia pazia la sebuleni kwamba kama kuna mtu angependa kumsaidia mtu, mtu huyo angeshukuru sana. Mke wangu akachukua mkoba wake, akaenda kukaa kwenye usukani. Nilifurahi kama nimepewa cheo!

Nikasema kanyaga. Kimya. Nikauliza amekanyaga? Kimya. Nikafungua kwa kubahatisha. Kumbe alikuwa amekanyaga na kuachia zamani. Nikamwomba apige honi akiwa tayari. Hakupiga. Nadhani kwake honi nayo ni maneno. Baada ya saa nzima pedali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, inagusa sakafu kabisa. Tumeingiza hewa badala ya kuitoa.

Fundi alikuwa anatuangalia kutoka kwake. Akapaza sauti kwamba ameona breki za kila aina, lakini hajaona watu walionuniana wakitoa hewa. Mke wangu akachukua mkoba, akaingia ndani. Nilibaki chini ya gari. Kazi nzima ilihitaji neno moja lake na moja langu, na hatukuwa nayo.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amepiga simu kuniambia nisijisumbue kesho, atamleta mama kwenye ubaridi. Nikamwambia gari liko tayari. Akacheka, akakata.

Nikapiga moyo konde, nikaamua kujitegemea. Nilibana fimbo ya fagio kati ya kiti na pedali, nikatambaa chini, nikafungua skrubu. Pedali ikashuka, fimbo ikachomoka, ikajibana kwenye honi. Honi ikalia bila kupumzika! Watu wakajaa. Kinyozi akatoka mbio kuangalia ukuta wake.

Mke wangu akaja, akaitoa fimbo, akakaa kwenye usukani. Mimi niko chini, naona viatu vyake tu. Akauliza tena kama nilikuwa najua. Nikasema kanyaga basi. Akasema hakanyagi kitu mpaka nimjibu.

Nikamjibu. Nilijua. Niliogopa angesema tuliuze, na shemeji angecheka. Kisha akasema hata yeye aliogopa siku ile, aliuona ukuta ukija na mguu wake haukuwa na pa kushika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu akasema, “Nimekanyaga.”

Nikafungua, nikafunga. “Achia.” Tukaendelea hivyo, kutoka gurudumu lililo mbali na pedali mpaka lililo karibu, tukiongeza mafuta njiani, mpaka mapovu yakaisha kwenye chupa. Pedali ngumu kama jiwe! Fundi akaja kukagua, akalijaribu gari mwenyewe uani, akasema rafiki yangu anaweza kulala usingizi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe amerudi kwa gari la marehemu, nami kwenye usukani! Macho yamefungwa bandeji, lakini alipapasa kiti, akasema ndicho chenyewe. Shemeji alitufuata nyuma na ubaridi wake, peke yake. Njiani mama akasema kwamba wakati wa mzee kila kona yeye alikuwa anakanyaga sakafu kwa hofu, na leo miguu yake imepumzika. Mke wangu akanishika bega. Tumezungumza mpaka nyumbani kwa mama, na baada ya kurudi kwetu. Sitamficha kitu tena maisha yangu yote.

Jumanne, 12 Machi

Breki ya mkono haishiki. Nimegundua Jumapili, gari lilipoanza kuondoka uani lenyewe, taratibu, kwa adabu. Nadhani nilisahau kuirekebisha nilipofunga bitana. Sijamwambia mke wangu. Siku hizi tunaongea vizuri mno, kwa nini nimtibulie furaha? Nimeweka chungu kikubwa cha maua mbele ya gurudumu. Amekisifia.

Asubuhi hii amesema anataka gari aende kumwona mama yake. Nikakiondoa chungu haraka, nikampa ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia ahakikishe anaegesha mahali tambarare kwa sababu ya kivuli. Akauliza tambarare na kivuli vinahusiana nini. Nikamwambia aende tu, atachelewa.